UZI: Kikosi kinaposukwa upya, kijana apewe kazi kabla ya kupewa lawama

Msaidizi wa Kocha (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, hamjambo. Nafungua uzi huu kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila wikendi pembeni mwa uwanja, na yananiuma.

Nasaidia kufundisha klabu moja ya mpira wa vikapu ya daraja la chini hapa Eastlands, Nairobi. Wachezaji wetu wazoefu wameondoka karibu wote. Kuna waliopata ajira kwenye taasisi zenye timu, kuna aliyeenda kusoma ng'ambo, na wengine umri na familia vimewaita nyumbani. Tumebaki na vijana wa miaka 17 hadi 21, wengi wao wametoka shule juzi tu. Tunapigwa, na kuna siku tunapigwa vibaya sana. Basi sauti za jukwaani ni zile zile: hawa watoto hawajui mpira, warudisheni shule, kocha ameishiwa.

Mpira wanaujua. Kazi yao uwanjani ndiyo bado hawajaijua, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kijana aliyekuwa nyota wa shule yake amezoea kila mpira upite mikononi mwake. Yeye ndiye aliyedunda, aliyepasi, aliyetupa, na mwalimu akampigia makofi. Sasa wakusanye watano wa aina hiyo, wavalishe jezi moja, uone. Mmoja akiwa na mpira, wanne wamesimama wanausubiri. Hakuna anayemwekea mwenzake skrini, yaani kusimama amzuie mlinzi ili mwenzake apite, hakuna anayekimbilia kona, na mpira ukipotea hakuna anayejua ni nani alipaswa kurudi nyuma kwanza. Si uvivu. Hawajawahi kuambiwa.

Tuna kijana mmoja mrefu mwenye mikono mirefu zaidi. Akipokea mpira kwenye kona huushika, huangalia chini, hudunda mara mbili pale pale alipo, ndipo huinua kichwa. Kufikia hapo mlinzi wa pili ameshamfikia na nafasi imekufa. Shuleni kule kudunda hakukumgharimu kitu kwa sababu aliyemkaba alikuwa akimfika begani. Tukamwambia hivi: ukiwa kwenye kona, miguu yako iwe imeshaelekea kikapu kabla mpira haujakufikia. Ukiwa peke yako, tupa. Mtu akikurukia, mpe mwenzako aliye juu yako, kuelekea katikati ya uwanja. Hakuna la tatu. Na tukiwa tunalinda, mtu wako asipite upande wa mstari wa mwisho, hata akikufunga kwa mbali si kitu. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote kwa sasa.

Mwanzoni alinuna, akaona tumemshusha cheo. Baadaye akaanza kutupa bila kusita, na mitupo ikaanza kuingia, kwa sababu kichwa chake hakina tena maswali kumi kwa wakati mmoja.

Wanaofuatilia NBA, ligi kuu ya vikapu ya Marekani, wanakumbuka tarehe 2 Desemba 2021. Oklahoma City Thunder walinyukwa 152-79 na Memphis Grizzlies. Pengo la pointi 73, kubwa kuliko lolote katika historia ya ligi ile. Nyota wao Shai Gilgeous-Alexander hakucheza usiku huo, lakini hata hivyo, pointi 73! Msimu ule waliambulia ushindi 24 na vichapo 58. Juni 2025 klabu hiyo hiyo, chini ya kocha yule yule, Mark Daigneault, ilitwaa ubingwa kwa kuwalaza Indiana Pacers katika mechi ya saba ya fainali, baada ya kumaliza msimu wa kawaida na ushindi 68 na vichapo 14. Na kwenye kikosi cha ubingwa walikuwemo Luguentz Dort, Aaron Wiggins na Kenrich Williams, watu wa ule msimu wa aibu.

Tazameni hao ni akina nani. Dort hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2019, ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya. Wiggins alichaguliwa wa 55 mwaka 2021, na nafasi zilikuwa 60. Isaiah Joe, fundi wa pointi tatu, aliachwa na Philadelphia mwaka 2022, Thunder wakamchukua. Hakuna kati yao aliyefika pale akisubiriwa kuwa nyota. Dort alipewa kumkaba mfungaji hatari zaidi wa wapinzani, leo na kesho na keshokutwa. Joe akaambiwa akae mbali na atupe. Wiggins aingie kutoka benchi, akate kuelekea kikapuni, asipoteze mpira. Wakaachiwa dakika za kuikosea kazi hiyo na kuirudia.

Hoja yangu basi ni hii. Ukimwambia kijana yeye ni pointi gadi, yaani mchezeshaji, au ni senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, umemwonyesha pa kusimama tu. Mwambie afanye nini mpira ukiwa mikononi mwake, ukiwa kwa mwenzake, na ukiwa kwa wapinzani. Akiweza kukujibu hayo matatu bila kigugumizi, hapo ndipo una haki ya kumlaumu akikosea. Nakaribisha maoni, hasa ya waliowahi kucheza.

Shabiki wa Saa Tisa Usiku

Msaidizi, nakuheshimu, ila mfano wako una tobo. Mimi ni wa kuamka saa tisa usiku nitazame hizo mechi kisha niende kazini, kwa hiyo nazijua.

Thunder walikuwa na Gilgeous-Alexander. Julai 2019 walimpeleka Paul George kwa Clippers, wakampata kijana huyo pamoja na rundo la nafasi za drafti, na moja ya nafasi hizo ndiyo iliyomleta Jalen Williams mwaka 2022. Mwaka huo huo wakamchukua Chet Holmgren kwa chaguo la pili, na chaguo la juu vile halipatikani bila kushindwa mechi nyingi. Kule ukifungwa unafidiwa. Mwaka huo wa 2022 timu tatu za mkiani zilipewa asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza. Unaweza kupigwa misimu miwili mfululizo na mwenye timu akalala usingizi.

Sisi hatuna drafti. Ukimaliza mkiani unashushwa daraja. Na ukishuka, yule kijana wako wa kona uliyemnoa anachukuliwa na klabu yenye mshahara. KPA ya Mombasa, timu ya mamlaka ya bandari, na Ulinzi Warriors ya jeshi zina mwajiri nyuma yao, kijana anapata jezi na kazi kwa mpigo mmoja, na nani atamlaumu? Nairobi City Thunder nao, hadi wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya klabu bora za vikapu Afrika, mwaka 2025, hawakungoja watoto wakue. Tylor Ongwae, mtu aliyecheza Ulaya, alikuwa amevaa jezi yao.

Kwa hiyo swali langu: hiyo subira unayoihubiri, nani anailipia?

Na la pili. Kijana wa miaka 18 ukimwambia kazi yake ni kukaa kwenye kona, je, siku moja akihitajika kuibeba timu ataibeba na nini?

Msaidizi wa Kocha

Kaka, la kushuka daraja umesema kweli na sina ubishi nalo. Lakini ndiyo sababu hasa ya kazi kueleweka mapema. Mwenye drafti anaweza kumsubiri kijana ajitambue mwenyewe. Sisi hatuna muda huo.

Tuwaache Thunder wa Oklahoma, tuchukue Detroit Pistons. Msimu wa 2023-24 walipoteza mechi 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14 na vichapo 68, rekodi mbovu kuliko zote za ligi msimu huo. Drafti ilipofika bahati ikawakataa, wakasukumwa hadi chaguo la tano, wakamchukua Ron Holland. Kwa hiyo hiyo fidia unayoisema hawakuipata. Msimu uliofuata wakashinda 44. Nyota alikuwa yule yule, Cade Cunningham, ambaye walikuwa naye tangu 2021.

Kilichobadilika ni kocha, akaja J.B. Bickerstaff, na wakaletwa watu wazima watatu, Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr. Hapo awali Cunningham akiingia ndani na mpira alikuta walinzi wamejazana, kwa sababu nje hapakuwa na mtu wa kuogopwa. Beasley peke yake msimu ule alifunga mitupo ya pointi tatu zaidi ya 300. Walinzi wakalazimika kutoka nje, njia ikafunguka. Na vijana wengine mzigo ukawapungukia. Ausar Thompson hana mtupo wa mbali wa kutegemewa, lakini ni mlinzi wa kuogopesha, akaachiwa afanye hilo. Hakuna aliyemwomba awe Cunningham wa pili.

Hapo ndipo naona sisi tunakosea, tunapodhani kusuka kikosi upya ni kuwafukuza wazee wote. Wazee wawili watatu wanaojua pa kusimama wanamfundisha kijana zaidi ya ubao wa kocha, kwa kusimama tu mahali panapofaa. Sisi tumembembeleza mmoja wa waliostaafu aje mazoezini Jumanne na Alhamisi, hata kama mechi hachezi. Anasimama karibu na vijana, anawapigia kelele za "nyuma yako!" na "badilisha!" Wao hucheza kimya kabisa. Hilo la kusema uwanjani hakuna shule iliyowafundisha.

Kuhusu swali la pili, kazi ndogo ya leo si kifungo cha maisha. Lakini kuna wakati kazi mbili zinagongana na lazima mmoja aondoke. Josh Giddey alikuwa chaguo la sita mwaka 2021, fundi wa pasi, ila anahitaji mpira mkononi. Pale Oklahoma mpira ulikuwa wa Gilgeous-Alexander na Williams. Akisimama pembeni, wapinzani walimwacha wazi makusudi, na katika mfululizo wa mechi za mtoano dhidi ya Dallas mwaka 2024 akaondolewa kwenye kikosi cha kuanza. Juni mwaka huo wakabadilishana na Chicago, akaja Alex Caruso, mtu ambaye maisha yake yote ni kulinda na kuziba mapengo. Giddey naye huko Chicago akakabidhiwa mpira na akastawi. Hakuna aliyekuwa mbaya. Ila kuna timu ambayo kipaji chako hakina nafasi ya kukaa, na kijana anapaswa kuambiwa hivyo kwa heshima, mapema, ili atafute kwingine.

Mwalimu wa Michezo

Habari zenu. Mimi nafundisha wasichana wa sekondari, na kuna jambo hamjaligusa linaloniumiza roho.

Hapa kwetu mtoto akiwa mrefu, basi. Hakuna anayemuuliza anaweza nini. Anapelekwa chini ya kikapu siku ya kwanza na anakaa hapo mpaka amalize shule. Hafundishwi kudunda, hafundishwi kutupa kwa mbali, pasi yake ni ya kurudisha tu. Akifika klabuni, pale ambapo wenzake nao ni warefu, hana kitu cha pili mkononi. Mwisho wanasema hana akili ya mpira.

Victor Wembanyama ana zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, na bado tangu utotoni Ufaransa aliachwa adunde na atupe. Sisemi kila mrefu wetu ni Wembanyama. Nasema mlango ulikuwa wazi.

Lakini nataka niungane na Msaidizi kwa upande mwingine, kwa sababu San Antonio Spurs, timu yake Wembanyama ya NBA, ilitoa somo la kinyume. Msimu wa kwanza wa Wembanyama, 2023-24, kocha Gregg Popovich alimchukua Jeremy Sochan, kijana wa mita mbili na zaidi aliyezoea kucheza pembeni, akamfanya mchezeshaji wa timu. Nia ilikuwa njema, wajue ana uwezo gani. Kijana aliteseka. Wapinzani walimbana, pasi kwa Wembanyama zikawa zinachelewa au zinapotea. Timu ikapoteza mechi 18 mfululizo. Desemba wakamrudisha kwenye nafasi yake, na baadaye Tre Jones, mchezeshaji wa asili, akashika usukani tangu mwanzo wa mechi. Wembanyama akaanza kupata mpira mahali anapoutaka.

Kwa hiyo mimi nasema kumjaribu mtoto mambo mengi kufanyike mazoezini na akiwa mdogo. Siku ya mechi ya ligi, mbele ya watu, mpe anachokijua.

Na msisahau wasichana kwenye mjadala huu. Madina Okot alikuwa senta wa Zetech Sparks kabla ya kwenda Mississippi State na kisha South Carolina, kimoja cha vyuo vikubwa kwa mpira wa vikapu wa wanawake Marekani. Wasichana wangu wanamtaja kila siku. Ninachowaambia ni kwamba huko alikopita alikuta wachezaji ambao nao walikuwa manyota kwao, na ilibidi ajipatie mahali pake miongoni mwao, kwa ribaundi, yaani kudaka mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, na kwa kulinda kikapu.

Senta wa Zamani

Mwalimu, umenigusa. Mimi nilikuwa mmoja wa hao waliopelekwa chini ya kikapu wakiwa kidato cha kwanza.

Nataka kuzungumzia timu ya taifa, kwa sababu huwa tunakumbuka bao moja na kusahau njia nzima. Februari 2021, Yaoundé, Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, walimlaza Angola 74-73, Ongwae akafunga mtupo wa mwisho. Angola, bingwa wa Afrika mara 11 wakati huo! Watu walilia mitaani, nami nilikuwa miongoni mwao. Ushindi huo ulitusaidia kurudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, tulipoiandaa wenyewe hapa Nairobi na kumaliza wa nne.

Lakini nyuma ya mtupo ule kulikuwa na AfroCAN ya 2019 huko Bamako. Mashindano yale ni ya wanaocheza ndani ya Afrika. Tulifika fainali tukafungwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pale ndipo vijana wa ligi yetu walipojifunza kucheza bila kumtegemea mtu mmoja. Mwaka 2021 walipoungana na wale wa ng'ambo chini ya Liz Mills, hapakuwa na ugomvi wa nani apewe mpira wa mwisho. Kila mtu alijua ni wa nani. Na wenzake wanne walijua la kufanya ili mtu huyo apumue.

Hicho ndicho kipimo changu. Nenda uwanja wa Nyayo, Nairobi, Jumamosi yoyote, keti, subiri mechi ya pengo la pointi mbili zikibaki sekunde ishirini. Usimtazame mwenye mpira. Watazame wanne wengine. Kama wamesimama na mikono kiunoni, hiyo timu bado haijasukwa.

Na nyie makocha, la mwisho kutoka kwangu. Mtoto akikosa mtupo mzuri ukamtoa hapo hapo, umemfundisha kuogopa. Enzi zetu kocha alikuwa anatutoa hata kabla mpira haujagusa sakafu. Nilimaliza miaka yangu nikiangalia benchi kabla ya kutupa.

Namba Saba

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa hao vijana mnaowazungumzia, sitataja timu. Nina miaka 19, gadi.

Naomba niulize kitu kutoka upande wetu. Kocha wetu akitaka kuniingiza ananiambia "ingia, changamka." Nikitoka ananiambia "umecheza vibaya." Wiki iliyopita nilipewa dakika chache robo ya tatu, nikatupa mara mbili zote zikakosa, nikatolewa. Wiki hii nikaona nisitupe kabisa, nipasi tu, nikaambiwa sina moyo. Sasa nifanye nini? Naogopa kumuuliza ataona nina kiburi.

Msaidizi wa Kocha

Marahaba mwanangu. Na asante kwa kuandika, maana wengi wenu mnayabeba haya kimya kimya hadi mnaacha mpira.

Muulize. Ila usimuulize mbele ya wenzako, na usimuulize siku ya mechi. Fika mazoezini mapema, msaidie kubeba mipira, kisha sema: "Kocha, nikiingia, ni vitu gani viwili unavyotaka nivifanye hata kama sifungi?" Swali hilo halina kiburi ndani yake, na kocha yeyote anayeipenda timu yake atalifurahia. Akikujibu "changamka" tena, mpendekezee wewe: "Nimkabe mchezeshaji wao akiwa bado kwenye nusu yao ya uwanja?" Akikubali, una kazi. Tangu siku hiyo ana kitu cha kukupimia zaidi ya mipira iliyoingia.

Gadi anayetoka benchi akiwa na dakika chache hawezi kubadilisha mechi kwa mitupo miwili. Anaweza kuibadilisha kwa kumfanya mchezeshaji wa wapinzani atumie sekunde saba kuvuka nusu ya uwanja badala ya tatu. Muda wa kushambulia ni sekunde 24 na unaanza kuhesabiwa wakishaumiliki mpira, kwa hiyo ukizila sekunde nne pale nyuma, wanapanga shambulizi lao kwa haraka na wanatupa vibaya. Hilo haliandikwi popote kwenye karatasi ya matokeo. Kocha analiona, na wenzako wanalihisi.

Sisi kabla ya mechi tunamtaka kila kijana aseme kazi yake kwa sauti, mbele ya wenzake, kwa sentensi moja au mbili. Mwanzoni waliona haya. Sasa wanasahihishana wenyewe. Juzi kijana mmoja alisema kazi yake ni kufunga, mwenzake akamwambia, "Hapana, kazi yako ni kuhakikisha yule namba tisa wao hapati ribaundi, kufunga ni bahati yako." Na kumtoa mtu tunamtoa kwa kuacha kazi yake, si kwa mpira kukosa. Mzee Senta hapo juu amelisema vizuri kuliko nitakavyoweza.

Mzazi wa Kayole

Nimesoma yote. Naona mnaongea kama kwamba hawa vijana wako mazoezini kila siku.

Mwanangu anacheza. Nauli ya kwenda na kurudi, mara mvua imenyesha na nauli imepanda, mara amepata kibarua cha siku mbili na hawezi kukiacha kwa sababu nyumbani tunakihitaji. Uwanja wenyewe hauna taa, saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeingia, na ukiwa na mvua sakafu inateleza. Leo wanakuja sita, kesho wanakuja tisa, na si wale wale. Hiyo kazi mnayosema kila mtu aijue, ataijua lini na wenzake hawapo?

Silalamiki juu ya kocha wake, ni mtu mwema. Nasema tu msiwahukumu kana kwamba wako Oklahoma.

Msaidizi wa Kocha

Mama, hili ndilo jambo zito kuliko yote kwenye uzi huu, na nashukuru umelileta. Timu za NBA zina ukumbi wa mazoezi wazi usiku na mchana na mtu wa kumrudishia kijana mpira. Sisi tuna saa moja na nusu ya mwanga.

Tunachofanya, na bado tunajifunza, ni kwamba kila kazi inajulikana na wawili. Anayekaba mchezeshaji wao ana pacha wake. Wa kona ana pacha wake. Asipokuja mmoja, mwingine anajua, na wanapofika wote wawili wanafanya zoezi moja, mmoja baada ya mwingine, wanaangaliana. Kijana akiwa kwenye kibarua, pacha wake anampigia simu jioni amwambie tulifanya nini. Mara nyingi maelezo ya mwenzake yanamwingia kuliko yangu.

Na mazoezi yenyewe tumeyapunguza mambo. Zamani tulikuwa na mipango mingi ya mashambulizi, kila mmoja na jina lake. Sasa tuna miwili. Mtu aliyekosa wiki nzima anarudi na bado anaikuta timu ile ile. Kwenye mwanga mdogo tunafanya kulinda, kwa sababu miguu haihitaji taa kama mtupo unavyohitaji.

Nauli hatujaipatia jibu. Kuna wanaokuja wawili kwa pikipiki moja, kuna wanaotembea. Kama kuna mdau hapa anayejua klabu iliyoweza kulitatua hilo bila mfadhili mkubwa, aniambie, nitamfuata hata kama ni Thika.

Shabiki wa Saa Tisa Usiku

Nimesoma na nimekubali mengi. Mzazi ameniondolea usingizi kuliko mechi yoyote. Lakini Msaidizi, hujanijibu kikamilifu lile la kukua. Huyo kijana wa kona, lini unamwongezea? Unajuaje kwamba wakati umefika?

Msaidizi wa Kocha

Tukirudi kwa Dort. Msimu wake wa kwanza, 2019-20, mitupo yake ya pointi tatu iliingia chini ya asilimia 30. Wapinzani walikuwa wanamwacha wazi na kwenda kumsaidia mwenzao. Thunder hawakumkataza kutupa, lakini hawakumpima kwa hilo. Alibaki uwanjani kwa sababu ya kulinda, na kwa kubaki uwanjani akapata mamia ya mitupo ya kweli, ya mechi ya kweli, mwaka baada ya mwaka. Msimu wa 2024-25 zikawa zinaingia zaidi ya asilimia 40, na akachaguliwa kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi.

Nasi tunafanya hivyo kwa kipimo chetu. Naongeza kitu pale kijana anapoifanya kazi yake ya kwanza amechoka, robo ya nne, tukiwa nyuma, bila mimi kumkumbusha. Kijana wa kona amefika hapo sasa. Kuanzia mechi ijayo ana ruhusa ya kitu cha tatu: mlinzi akimrukia, adunde mara moja, moja tu, kuelekea kikapuni, kisha aamue. Tumekuwa tukilifanya zoezi hilo mazoezini na pacha wake ndiye anayemrukia. Nikipata picha za video nitaziweka hapa mnisahihishe.